Baba Yake Cheptoo

Lori lilikuwa limeshaacha mashamba ya chai na kuanza kuteremka kuelekea Fort Ternan. Kuku walilalamika ndani ya tenga, kitanda kimefungwa kamba miguu ikitazama mbingu, na Jerusa hajageuka kutazama nyuma hata mara moja. Alikuwa ameapa hatageuka. Mtu aliyezaliwa kwenye laini za wafanyakazi wa chai, akaolewa humo humo, akazeekea humo, akigeuka atashuka. Mumewe Ooko alishatangulia nyumbani kwao, upande wa Muhoroni, ndani ya sanduku. Yeye alishukuru kwamba angalau anakwenda akiwa amekaa.

Alikuwa katikati, mkoba mapajani. Upande mmoja alikaa mwanawe Jackton, upande wa pili Benard, dereva, mtu wa Bureti mwenye shingo nene na maneno mengi.

"Mama," Jackton akasema, "mbona umekaa kama mtu ameacha jiko likiwaka?"

"Nimeacha mtoto."

"Mtoto gani tena? Watoto wako wote tuna ndevu."

"Mtoto wa korti."

Jackton akaguna. Alizijua habari hizo. Kwa miaka mingi Jerusa alitunza nyumba ya watoto pale shambani, ile ambayo wachuma chai huwaacha wachanga wao alfajiri na kuwachukua jioni wakinuka maziwa. Alipostaafu, mahakama ya watoto ikamwita. Ilikuwa inatafuta watu wa kusimama na mtoto aliyeshtakiwa ambaye hana wa kusimama naye. Si wakili, si polisi. Mtu mzima tu mwenye sifa njema, anayeteuliwa na hakimu aende kwao mtoto, aulize, aone kwa macho yake, kisha arudi aseme mtoto huyu apelekwe wapi ili asipotee. Laini nzima ilimwita mlezi wa korti. Aliwasemea watoto kadhaa na akalala usingizi wake vizuri, mpaka huyu wa mwisho.

"Huyo mtoto alifanya nini?" Benard akauliza. Dereva wa lori ni kama kinyozi, habari za watu ndizo chai yake.

"Ni msichana. Cheptoo, wa huko kwenu Roret. Alimpiga kijana wa darasa lao na jiwe kichwani wakitoka shule. Kijana akalala hospitali siku nyingi akitapika, watu wakadhani amekwenda. Ukimuuliza Cheptoo kwa nini, ananyamaza kama ukuta. Ukimuuliza wazazi, anasema mama yuko na baba yuko. Chifu anatuma askari, askari anarudi anasema hakuna baba pale. Sasa hakimu anaona mtoto ni mkali na tena ni mwongo."

"Na wewe ulienda kwao?"

"Si nilienda! Nikakuta mama wa mtoto, Phelis, mwanamke mpole, na nyanya mmoja mzee sana amekaa kwenye kigoda katikati ya boma. Nikauliza mwenye boma ni nani. Nyanya akasema, ni mimi. Sawa, mjane. Nikauliza na baba ya mtoto? Akasema, ni mimi. Nikajua huyu amechanganyikiwa, ni uzee. Kwa hivyo nikamgeukia Phelis, nikamwambia, mwanangu, usinione haya, mwanamume aliyezaa na wewe ni nani? Basi! Nyanya akasimama, akanionyesha njia na fimbo."

Benard hakucheka. Aliondoa mguu kwenye mafuta, lori likaanza kujikokota.

"Mama Jerusa. Ulimuuliza hivyo mbele ya mzee?"

"Mzee gani? Hapakuwa na mzee."

"Huyo nyanya ndiye mzee."

Akasimamisha lori kando ya barabara kabisa. Chini yao miwa ilikuwa imeanza, na joto la bondeni liliingia dirishani.

"Sikiliza," Benard akasema. "Kwetu sisi Wakipsigis, mwanamke akikosa kijana wa kiume, na bwana yake amekufa, nyumba haiachwi ianguke. Anaoa. Anatoa ng'ombe, wazee wanaketi, sherehe inafanywa mchana watu wakiona, na anaingiziwa bibi. Kuanzia siku hiyo yeye ni bwana wa boma. Watoto wakizaliwa ni wake, wa ukoo wa marehemu. Yule mwanamume wa kupitia tu hana jina hapo. Hatajwi. Kumuuliza Phelis habari yake mbele ya bwana yake, ni kama mimi nije kwako Ooko akiwa hai amekaa hapo, nikuulize hawa watoto kwa kweli ni wa nani."

Jerusa akafunika mdomo na mkono.

Jackton alishindwa kujizuia. "Kumbe baba anavaa rinda!"

"Kijana, usirudie," Benard akamwambia, na sauti yake haikuwa ile ya mzaha. "Mimi nimesoma shule ya hapo. Hilo neno najua ni watoto gani huambiwa njiani wakitoka darasani, na najua linachoma wapi. Mama, wewe umetafuta sababu ya lile jiwe. Huyu amekupa sasa hivi."

Jerusa akakumbuka korti. Jumatatu alikuwa amesimama mbele ya hakimu, amenyooka, akasema kwamba Cheptoo hana baba, mama yake hana nguvu, nyanya yake akili zimemwacha, na hakuna pale mtu wa kumshika mtoto. Msichana alikuwa amesimama karibu naye, anatazama sakafu. Alimsikia mlezi aliyepewa kumsemea akimkana baba yake mbele ya watu, na hakufungua mdomo. Kesho asubuhi hakimu angetoa uamuzi, na kwa maneno yale Cheptoo angepelekwa shule ya kurekebisha watoto, mbali kule nyuma ya Nairobi, mpaka awe mtu mzima.

Mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Lakini Jerusa hakuwa mgeni! Alizaliwa kwenye vilima vile. Ila maisha ya laini ni maisha ya laini: Wajaluo, Wakisii, Waluhya, mlango kwa mlango, kanisa, king'ora cha kiwanda, na vijiji vya wenyewe viko ng'ambo ya ua wa miti, mtu huvitazama miaka yote kama anavyotazama mlima.

"Nifungulie mlango," akamwambia Jackton.

"Mama! Watu wa nyumbani wamechinja, wanakungoja!"

"Wale bila mimi. Wakiuliza, waambie nimerudi kumwomba mtu msamaha."

Benard akainama juu ya usukani. "Ukifika, usiingie na mikono mitupu. Ng'oa nyasi mbichi hapo nje, uzishike zionekane, kwetu ndiyo alama ya kuomba amani. Na umsalimie kama unavyomsalimia mwenye boma."

*

Alipanda matatu kurudi juu, akafika Roret jua likiwa bado juu ya majani chai. Wanawake walikuwa wanarudi kutoka kituo cha kununulia chai na vikapu vitupu mgongoni, na mmoja alipomwona mama mgeni amepiga magoti kando ya njia anang'oa nyasi, alinyamaza, akawanyamazisha na wenzake. Walimpisha.

Tecla, kwa maana hilo ndilo jina la yule mzee, alikuwa pale pale kwenye kigoda. Amevaa koti zito la kiume juu ya nguo zake. Jerusa hakulitilia maanani mara ya kwanza. Alidhani ni baridi. Akasimama mbali, nyasi mkononi.

"Mzee," akasema. Ulimi ulisita kidogo, kisha ukatii. "Mzee, nimekosa. Nilikuja kwako kama mtu hana macho."

Tecla alizitazama zile nyasi muda mrefu. Kisha akamwita Phelis alete maziwa, na Jerusa akajua amepokelewa. Yalikuja yale ya kibuyu, yaliyogandishwa na majivu ya mti, yakimwagwa polepole.

"Askari wa chifu alikuja," Tecla akasema. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kila neno alilikanyaga. "Akauliza, kuna mwanamume hapa? Nikasema, hakuna mwanamume. Akaenda. Hakuuliza kama kuna baba."

"Mbona hukuja mwenyewe?"

"Baba huitwa. Mtoto akimwaga damu ya mtu, baba hajipeleki kama mbuzi. Anaitwa, anasimama, anaulizwa. Mimi nangoja kuitwa. Kila asubuhi navaa hii koti. Phelis ananiambia, Mzee, leo pia hawajaita. Jioni navua."

Jerusa alishusha kikombe. Alijaribu kuziona zile asubuhi zote: mahakama imekaa kule inamngoja baba, na baba amekaa huku, koti limefungwa vifungo vyote, anaingoja mahakama. Na katikati yao mtoto, anayejua ukweli, na hawezi kuutamka, kwa sababu mara ya mwisho ulipotamkwa njiani watu walicheka na yeye akaokota jiwe.

Akasimama. Akashika mkoba kwa mikono miwili, kama anavyoshika akiwa mbele ya hakimu.

"Mzee Tecla, mimi ni mlezi aliyewekwa na mahakama. Mahakama inakuita. Kesho asubuhi. Wewe, baba yake Cheptoo."

Yule mzee hakusema asante. Alinyoosha mgongo tu, na Jerusa aliona, anaapa aliona, mtu akirefuka akiwa amekaa.

*

Walipotoka asubuhi ukungu ulikuwa umelalia chai, huwezi kujua kilima kinaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Jerusa alidhani ni wao watatu tu, yeye, Tecla na Phelis. Lakini pale njia ya boma inapoingia barabarani palikuwa na wanaume wamesimama. Wazee wenye fimbo, vijana wenye makoti ya mpira ya kuchumia chai, mwalimu mmoja na tai yake. Hawakusema kitu. Tecla alipopita walimsalimu, kisha wakaingia nyuma yake.

"Hawa ni nani?" Jerusa akamnong'oneza Phelis.

"Ni ukoo. Mambo ya damu, baba haendi peke yake."

Jerusa alikuwa ameona mengi. Ameona maandamano, ameona mazishi ya watu wakubwa, ameona wachuma chai mamia wakitupa vikapu na kugoma siku moja. Hakuwahi kuona wanaume wazima, wengine na mvi, wakitembea nyuma ya bibi kizee kwa mpango, bila kumpita, yeye akipunguza mwendo nao wanapunguza. Miguu yao juu ya kokoto ilikuwa sauti moja. Alitamani kuvua viatu.

Mahakamani wanaume walibaki nje, chini ya miti, kwani kesi za watoto hazisikizwi na kila mtu. Ndani waliingia wachache. Upande mmoja alikaa Kipngetich, baba wa kijana aliyepigwa, mtu mkubwa mwenye ng'ombe wa maziwa na uso uliofungwa. Kando yake mwanawe Kipkurui, kichwa bado kina bandeji. Cheptoo aliletwa na askari wa kike. Aliona viatu vya Tecla kwanza, maana alikuwa akitazama chini. Macho yake yalipanda polepole, koti, vifungo, uso.

Jerusa akasimama kabla hajaambiwa.

"Mheshimiwa, Jumatatu nilikwambia mtoto huyu hana baba. Haikuwa kweli. Sikukusudia uongo, nilikuwa mjinga. Baba yake yuko, hakuitwa. Leo nimemwita."

Hakimu, mama wa makamo aliyetoka mbali na sehemu hizo, alitazama chumba chote akitafuta mwanamume. "Asimame."

Tecla akasimama.

Mwendesha mashtaka alikohoa kama mtu anayezuia kicheko. "Mheshimiwa, tunaomba korti isifanywe uwanja wa mchezo."

"Wewe ni nani wa mtoto huyu?" hakimu akauliza.

Tecla alijibu kwa Kikipsigis. Karani wa kutafsiri alikuwa kijana wa pale pale. Hakutafsiri mara moja. Alisimama wima kwanza, akavuta shati lake likae sawa. "Anasema yeye ni baba yake, Mheshimiwa. Anasema damu ya yule kijana iko juu yake yeye, si juu ya mtoto, na amekuja kuibeba."

Jerusa akaeleza yote aliyofundishwa, kwa maneno aliyokuwa nayo. Hakimu alisikiliza, kalamu mkononi haiandiki.

"Mlezi," akasema mwishowe, bila ukali, "nakusikia. Lakini ukoo wa mtoto utasema lolote ili mtoto arudi. Yuko mtu hapa asiye wa boma hilo anayejua jambo hili?"

Jerusa alijua hakuna. Wote aliowaona njiani walikuwa wa ukoo.

Ndipo benchi la upande wa pili lilipolia. Kipngetich alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi nilikuja hapa nikitaka huyu msichana apelekwe mbali, nisimwone tena. Hata sasa hasira iko. Angalia hiyo kichwa ya mtoto wangu. Nikikaa kimya sasa hivi, nitapata kile nilitaka." Akaigeuza kofia mkononi. "Lakini huyo ni baba yake. Siku ile alioa bibi, nyumba ikasimamishwa, baba yangu mzazi alikuwa kati ya wazee walioketi, na mimi nilikuwa kijana, nikashika kamba ya ng'ombe. Nikikana leo, nimesema baba yangu alikula nyama ya uongo. Siwezi. Huyo ndiye baba yake."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe simama. Sema ulikuwa unamwambia nini njiani."

Kipkurui akasimama, macho yamejaa. "Nilimwambia baba yake anavaa rinda."

"Mara moja?"

"Kila siku."

Na hapo Cheptoo, ambaye mahakama haikuwa imesikia sauti yake ila kwa ndiyo na hapana, akasema: "Ni mimi nilimpiga. Nilitaka anyamaze. Sikutaka aumie hivyo." Akamtazama Tecla. "Baba, nisamehe, nimekuletea mambo."

Jerusa alilia bila aibu. Hakulilia huruma, huruma aliijua, ilikuwa kazi yake. Hiki kilikuwa kitu kingine, kikubwa, kilichomfanya ajione mdogo na ashukuru kuwa mdogo. Miaka yote hiyo alidhani watoto wa dunia hii wanashikwa na mikono ya watu kama yeye. Kumbe kabla hajazaliwa, watu wa vilima hivi walishakaa chini wakafikiri jinsi ya kufanya mtoto asikose baba hata kama hakuna mwanamume, wakaweka neno, na neno lao bado limesimama, limesimama hata mbele ya hasira ya Kipngetich.

Hakimu aliweka kalamu chini. Akainua mkono kidogo.

"Baba wa mtoto," akasema, "na asogee mbele."

Tecla akasogea, fimbo ikigonga sakafu. Mwendesha mashtaka alisimama alipompita, na hakuna aliyemwambia asimame.

*

Hakimu aliamuru Cheptoo arudi nyumbani mikononi mwa baba yake, mlezi wa mahakama awe akimtembelea mpaka kesi ifungwe, na maboma yale mawili yakae chini kupatana. Yalikaa. Kondoo alichinjwa, na Tecla alilipa kwa ajili ya damu kile wazee walichosema alipe.

Kesi ilifungwa mwaka uliofuata. Hakimu alihamishwa kwenda Pwani. Kipkurui alipona, ila sikio moja halisikii vizuri. Yuko sekondari ya kutwa na anacheza mpira nyuma. Yeye na Cheptoo husalimiana, hawazungumzi sana. Kipngetich bado anauza maziwa. Benard aliacha lori, sasa anaendesha tangi la maziwa kutoka Chepilat. Jackton alioa.

Phelis anachuma chai yake na kuipeleka kituoni. Tecla alifariki kwa kifua wakati wa baridi ya Julai, akazikwa kama mzee wa boma, na ukoo wote ulikuwepo. Cheptoo anajifunza ushonaji kwenye chuo cha ufundi.

Jerusa alihamia Muhoroni kesi ilipoisha. Miguu inamsumbua. Mahakama ya huko ilipomwomba awe mlezi wa watoto tena, alikubali.